Wakulima au askari? Jibu kuhusu Wajitoleaji wa Ayalandi, 1919–1921

Msomaji ameuliza: "Nimesoma kwamba kati ya mwaka 1919 na 1921 vijana wa vijijini nchini Ayalandi, wasio na mshahara wala sare, waliisumbua Uingereza mpaka ikakubali kuzungumza nao. Je, walikuwa askari hasa, au wakulima waliotoka usiku na bunduki? Silaha walizipata wapi, aliyewaamuru ni nani, na walikula kwa nani?"

Ndugu msomaji, umeuliza maswali manne, na lile uliloliweka mwisho ndilo ambalo mimi ningeliweka mwanzo. Anayetaka kuvielewa vita vile kwa kuhesabu bunduki hatavielewa, kwa sababu bunduki zilikuwa chache mno, na tangu mwanzo hadi mwisho waliokuwa nazo walikuwa wachache kuliko wasiokuwa nazo. Walichokuwa nacho kwa wingi ni majirani. Jeshi lile lilijengwa juu ya parokia, yaani watu wanaosali kanisa moja, wanaopeleka maziwa kwenye kiwanda kimoja cha siagi na wanaojuana hadi majina ya mbwa, na nguvu zake zote, pamoja na mabaya yake, zilitoka hapo.

Halikuzaliwa mwaka 1919. Lilianzishwa Dublin tarehe 25 Novemba 1913, katika mkutano uliofurika kwenye ukumbi wa Rotunda. Kule kaskazini, Waprotestanti waliopinga Ayalandi kupewa serikali yake ya ndani walikuwa wamekwisha kuunda jeshi lao la kujitolea mwezi Januari mwaka huohuo, na upande wa pili ukaona hauwezi kubaki mikono mitupu. Waliojiandikisha walijiita kwa Kiayalandi Óglaigh na hÉireann, yaani Wajitoleaji wa Ayalandi. Julai 1914 walishusha bunduki 900 kutoka kwenye mashua ya tanga katika bandari ndogo ya Howth, nazo zilikuwa Mauser za Kijerumani za muundo wa mwaka 1871, zenye moshi mwingi na teke la kumyumbisha asiyezizoea. Mmoja wa walioshughulikia fedha za kuzinunua ni Roger Casement, ambaye msomaji wa Kongo huenda anamfahamu kwa jambo jingine kabisa: ndiye yule balozi mdogo wa Uingereza aliyeandika ripoti ya mwaka 1904 iliyofichua ukatili wa biashara ya mpira chini ya Mfalme Leopold. Alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916 kwa kosa la uhaini, baada ya kwenda Ujerumani kutafuta silaha nyingine.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwagawa. Sehemu kubwa, zaidi ya watu 150,000, ilimfuata mwanasiasa John Redmond, aliyewahimiza kuiunga mkono Uingereza; waliobaki na jina la zamani walikuwa kati ya 10,000 na 15,000. Ni watu wa kundi hilo dogo hasa walioasi utawala wa Uingereza na kupigana Dublin wiki ya Pasaka ya mwaka 1916, wakashindwa kwa siku sita, na mwezi Mei watu 15 wakapigwa risasi kwa hukumu za mahakama za kijeshi. Kisha serikali ikafanya jambo ambalo hata leo sielewi nani alilishauri: ikawakusanya wafungwa wapatao 1,800 katika kambi moja, Frongoch, huko Wales. Kijana wa Cork ambaye hakuwahi kufika Dublin akalala jengo moja na wa Galway na wa Wexford, na walipoachiwa kufikia Krismasi ya mwaka huo, kila kaunti ilikuwa na mtu anayemfahamu mtu katika kaunti nyingine.

Waliporudi ndipo jeshi la parokia lilipojengwa kweli. Kila parokia ilikuwa na kombania yake, ya watu thelathini, hamsini, pengine mia. Kombania kadhaa ziliunda batalioni, na batalioni ziliunda brigedi iliyoshika kaunti nzima au sehemu yake. Kaunti ya Cork, kwa ukubwa wake, iligawanywa brigedi tatu. Kapteni wa kombania hakuteuliwa na mtu wa Dublin. Alichaguliwa kwa kura na vijana wenyewe, na mara nyingi walimchagua yule waliyekuwa wakimfuata tangu zamani, kama vile nahodha wa timu, mtoto wa nyumba iliyoheshimika, au mtu aliyetoka gerezani na sifa zake. Gwaride lilifanyika mashambani usiku, na kwa kuwa bunduki hazikuwepo, wengi walibeba mabegani magongo ya hurling, mchezo wao wa jadi.

Aprili 1918, Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuwalazimisha Waayalandi kwenda kupigana Ulaya, kombania zilijaa pomoni. Vita vilipoisha Novemba na hofu ikapita, zikakupwa kama bahari. Kumbuka hilo kila unapokutana na takwimu za jeshi hili. Kwenye karatasi lilifikia watu zaidi ya 100,000 mwaka 1921, lakini waliokuwa na silaha mkononi siku yoyote ile walikuwa elfu chache tu. Walikuwa, kwa sehemu kubwa sana, Wakatoliki wenye umri wa miaka ishirini na kitu, ambao hawajaoa: watoto wa wakulima wa wastani, vibarua wa mashambani, wauza duka, mafundi, makarani, walimu wachache. Seán Mac Eoin, aliyeongoza mapigano ya Longford, alikuwa mhunzi wa kijiji cha Ballinalee. Liam Lynch, ambaye baadaye alikuwa na divisheni nzima chini yake, alianza kazi kama mwanagenzi katika duka la vifaa vya ujenzi.

Aliyewaamuru ni nani? Kwa sheria yao wenyewe, jibu liko wazi. Katika uchaguzi wa Desemba 1918 Sinn Féin, chama kilichotaka Ayalandi iwe jamhuri huru, kilipata viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi, wabunge wake wakakataa kwenda London, na tarehe 21 Januari 1919 wakafungua bunge lao Dublin, Dáil Éireann. Waziri wa Ulinzi alikuwa Cathal Brugha, mkuu wa majeshi Richard Mulcahy, na ujasusi ulishikwa na Michael Collins; kuanzia Agosti 1919 iliamuliwa kwamba Wajitoleaji wale kiapo cha utii kwa bunge hilo, na jina la Jeshi la Jamhuri ya Ayalandi, IRA, likaanza kuzoeleka. Hayo ni maandishi. Mambo yalivyokuwa hasa yalionekana siku ileile bunge lilipofunguliwa: huko Soloheadbeg, kaunti ya Tipperary, kundi la Seán Treacy, Dan Breen na Séamus Robinson liliwaua askari polisi wawili waliokuwa wakisindikiza mkokoteni wa baruti za kupasulia miamba, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote Dublin, na wengi wa viongozi hawakupendezwa hata kidogo. Kwa miaka miwili iliyofuata utaratibu uliendelea kuwa huo. Makao makuu yalituma waraka, gazeti dogo la An tÓglách na mwalimu wa kijeshi mmoja mmoja, lakini shambulizi lilifanyika au halikufanyika kwa kutegemea watu wa pale wana ari kiasi gani na kapteni wao ni mtu wa namna gani. Ndiyo maana ramani ya vita vile ina mabaka: Cork, Tipperary, Kerry, Limerick, Clare, Longford na jiji la Dublin ziliwaka, huku kaunti nyingine zikipita miezi na miezi karibu kimya.

Silaha walizipata kwa njia zote unazoweza kuzifikiria. Wakulima wengi walikuwa na bunduki ya marisau ya kuwindia, na kombania zilipita nyumba kwa nyumba kuzichukua, wenyewe wakitoa kwa hiari au kwa shingo upande. Marisau madogo ya kupigia ndege yaliyeyushwa jikoni na kumiminwa upya kuwa magololi makubwa. Wengine walinunua bunduki kutoka kwa askari wa Kiingereza wenye kiu na mfuko mtupu. Makao makuu nayo yaliziuzia brigedi bunduki, naam, yaliuza, na vijana waliopigana bure walichanga fedha kulipia silaha za kupigania. Lakini njia kuu ilikuwa kuwanyang'anya adui. Tarehe 28 Septemba 1920, watu wa Liam Lynch na Ernie O'Malley waliingia katika kambi ya jeshi ya Mallow asubuhi, wakati sehemu kubwa ya askari wa farasi ilipokuwa imetoka kuwafanyisha wanyama mazoezi, wakaondoka na bunduki zilizokuwemo. Usiku uliofuata askari wenzao waliuchoma mji. Hata baada ya mafanikio ya namna hiyo, risasi zilibaki haba mno, na mapigano mengi yalipangwa kwa kuuliza kwanza kila mtu ana risasi ngapi.

Upande wa pili, mpaka mwaka 1920, haukuwa jeshi bali polisi, na hapa ndipo wageni wa historia hii hukosea. Polisi wa Kifalme wa Ayalandi walikuwa Waayalandi wenyewe, wengi wao Wakatoliki na watoto wa wakulima, walioishi katika vituo vidogo vijijini na waliojua nani ana deni na nani kagombana na nani. Macho ya serikali yalikuwa wao. Bunge la Dublin lilitangaza Aprili 1919 kwamba watengwe, na kutengwa kijijini ni adhabu kubwa kuliko inavyosikika: duka halikuuzii, hakuna anayekuletea kuni, kanisani benchi lako halikaliwi na mtu mwingine. Wengi walijiuzulu. Vituo vya pembeni vilianza kufungwa ili askari wakusanyike katika vikubwa, na mwanzoni mwa Aprili 1920, wakati wa Pasaka, Wajitoleaji walichoma kwa wakati mmoja mamia ya majengo hayo matupu nchi nzima. Mahali polisi walipoondoka, kombania zilianza kufanya kazi za polisi, kama kukamata wezi wa ng'ombe, kuvunja mitambo ya gongo na kusimamia maamuzi ya mahakama za bunge la Dublin.

London ilijibu kwa kuleta watu wa kutoka nje. Kuanzia Machi 1920 walifika askari waliowahi kupigana Ulaya, wakaajiriwa kama polisi kwa shilingi 10 kwa siku, na kwa kuwa sare hazikutosha walivalishwa nusu kaki ya jeshi na nusu nguo nyeusi za polisi. Ndio waliobandikwa jina la Black and Tans. Miezi michache baadaye kikafuata kikosi cha maofisa wa zamani, Auxiliaries, waliolipwa pauni moja kwa siku. Mara nyingi walipovamiwa walilipiza kisasi kwa kijiji kilichokuwa karibu. Balbriggan ilichomwa tarehe 20 Septemba 1920, katikati ya jiji la Cork usiku wa tarehe 11 Desemba, na kati ya hayo viwanda vingi vya siagi vya ushirika viliteketezwa. Kiwanda cha siagi ndiko maziwa ya kila mkulima yalikoingia na fedha zake zilikotoka, awe anaipenda jamhuri au haipendi. Ukikichoma, umewaadhibu watu wote kwa kosa la wachache, na wote wanapata adui mmoja.

Visasi hivyo ndivyo vilivyozaa vile vikosi vya kuhamahama vinavyokumbukwa zaidi. Kijana ambaye jina lake liko kwenye orodha ya polisi hakuweza tena kulala kwao, na kwa kuwa tayari alikuwa mtoro, alikuwa huru kupigana kila siku. Vikosi hivyo vilianza mashariki ya Limerick katikati ya mwaka 1920, vikasambaa. Kimoja kilikuwa na watu ishirini hadi arobaini, wenye bunduki bora za brigedi nzima. Walitembea usiku na kulala mchana, hawakukaa mahali pamoja siku nyingi, na hapo ndipo tunaporudi kwenye swali lako la chakula.

Chukua usiku mmoja wa kawaida wa kikosi cha namna hiyo. Mjumbe wa kombania ya eneo hilo amekwisha kupita nyumba sita au saba kuuliza nani anaweza kuchukua wangapi. Huyu watatu, yule wanne. Wanafika saa nane usiku, wamelowa. Moto wa mboji iliyokaushwa haujazimwa, mama wa nyumba anaweka birika, anakata mkate wa magadi na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, na watoto wanahamishwa kitandani ili wageni wapate mahali. Huko nje, vijana wa parokia wasio na bunduki wanasimama njia panda hadi asubuhi. Wengine wamechimba mahandaki barabarani na kuangusha miti ili malori yasipite, na binti wa nyumba, ambaye huenda ni mwanachama wa Cumann na mBan, chama cha wanawake kilichoanzishwa Aprili 1914, ataondoka na baiskeli asubuhi akiwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya nguo yake, kwa sababu mwanamke hakupekuliwa kirahisi na askari wa kiume. Hakuna aliyelipwa. Kwa kulala watatu watatu katika vitanda vya watu, na kuvaa nguo zilezile wiki nzima, wapiganaji walipata upele wa kuwasha ulioenea kiasi cha kupewa jina la jamhuri yenyewe, na ukisoma kumbukumbu za wazee wale utakutana na marhamu ya salfa karibu mara nyingi kama unavyokutana na risasi.

Fedha nazo zilitoka parokiani. Wajitoleaji walilipa ada ndogo, na baadaye brigedi zilitoza kila mkulima mchango kulingana na shamba lake. Serikali ya Dublin ilikopa kwa wananchi na kwa Waayalandi wa Marekani, lakini sehemu ndogo tu ya fedha hizo ilifika kwenye kombania ya mlimani. Tusijidanganye pia kwamba kila mlango ulifunguliwa kwa mapenzi. Mwenye nyumba aliyeona watu kumi wenye silaha uani hakuwa na nafasi ya kujadiliana, na akijulikana aliwalaza, nyumba yake ingeweza kuchomwa; baada ya sheria ya kijeshi kutangazwa Cork, Kerry, Limerick na Tipperary mwezi Desemba 1920, jeshi lilichoma nyumba za namna hiyo kwa amri rasmi.

Shambulizi la Kilmichael, magharibi ya Cork, linaonyesha vizuri jinsi askari na jirani walivyochanganyika. Kiongozi, Tom Barry, alikuwa na miaka 23 na alikuwa amejifunza vita katika jeshi la Uingereza huko Mesopotamia. Watu wake 36 walikuwa na risasi 35 kila mwenye bunduki. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 1920, kabla ya kuanza safari, padri alisikiliza maungamo yao mmoja mmoja kando ya tuta, mvua ikinyesha. Walilala juu ya mawe ya baridi mchana kutwa, wakipata kidogo tu kutoka nyumba iliyokuwa karibu, mpaka malori mawili ya Auxiliaries yalipotokea jioni. Barry alisimama barabarani amevaa koti la kijeshi, dereva akapunguza mwendo akidhani ni mwenzake. Auxiliaries 17 walikufa. Upande wa Wajitoleaji walikufa watatu, na mmoja wao, Pat Deasy, alikuwa na miaka 16. Alikuwa ameambiwa arudi nyumbani, akakifuata kikosi kwa siri. Baada ya mapigano Barry aliona vijana wake wanatetemeka, akawapanga mstari na kuwafanyisha gwaride palepale barabarani, kati ya malori yanayowaka. Baadaye alishikilia kwamba baadhi ya Auxiliaries walijifanya kusalimu amri kisha wakapiga risasi tena. Wanahistoria wamebishana juu ya jambo hilo kwa miongo, na mimi naona ushahidi uliopo hauruhusu mtu kuapa upande wowote.

Lakini bunduki ya Kilmichael isingefaa kitu bila habari, na habari zilitoka kwa watu wasiodhaniwa. Mfano ninaoupenda ni wa Josephine Brown, mjane na karani katika makao makuu ya divisheni ya jeshi la Uingereza jijini Cork. Mume wake aliuawa katika vita vya Ulaya, na mtoto wake mkubwa, Reggie, alikuwa Wales kwa wakwe zake, ambao mahakama iliwapa haki ya kumlea. Florence O'Donoghue, mkuu wa ujasusi wa Brigedi ya Kwanza ya Cork, alipata habari ya huzuni yake. Mwishoni mwa mwaka 1920 yeye na mwenzake walivuka bahari, wakamchukua mtoto, wakamrudisha Cork na kumficha vijijini. Josephine, ambaye alikuwa akipitisha mikononi mwake barua za makamanda kila siku, alizitoa nakala hizo kambini kwa miezi. Mwaka 1921 aliolewa na O'Donoghue kwa siri, na jeshi halikugundua uvujaji ulikotoka. Ukiniuliza ni nani aliyeifaa Brigedi ya Cork zaidi, yeye au bunduki hamsini, sitasita kujibu.

Kujuana huko kuna upande wake mwingine, na jibu langu lingekuwa nusu kama ningeuruka. Jeshi linalofichwa na majirani linaweza kuuzwa na majirani, kwa hiyo kila aliyeonekana kuongea na polisi, kila mwanajeshi mstaafu, kila mzururaji asiye na kwao alitiliwa shaka. Raia karibu 200 waliuawa na IRA kwa tuhuma za ujasusi, maiti zikiachwa barabarani na karatasi ya onyo kifuani. Baadhi walikuwa majasusi kweli. Wengine, kwa maoni yangu, kosa lao lilikuwa kutokuwa na mtu wa kuwatetea. Bibi Mary Lindsay wa Coachford, mjane wa Kiprotestanti aliyekuwa mtiifu kwa Taji la Uingereza, alisikia Januari 1921 kwamba Wajitoleaji wamejificha Dripsey kusubiri jeshi, akaenda kuwaambia askari. Alimweleza pia padri, na padri akawaonya Wajitoleaji, nao wakapuuza. Watano wa kikosi kile walitekwa, wakahukumiwa kifo na kupigwa risasi Cork tarehe 28 Februari. Bibi huyo alikuwa ameshikwa mateka pamoja na dereva wake, James Clarke, na barua ya kutaka maisha yao yabadilishwe kwa maisha ya wafungwa ilikuwa imefika kwa Jenerali Strickland, kamanda wa jeshi la Uingereza huko Cork, ambaye alikataa. Wote wawili waliuawa mwezi Machi, na nyumba yake ikachomwa. Kila mtu katika mkasa huo alikuwa akimfahamu mwenzake kwa sura.

Kufikia katikati ya 1921 Uingereza ilikuwa na jeshi na polisi zaidi ya 50,000 kisiwani, na Wajitoleaji walikuwa na hali mbaya: risasi zilikwisha, maelfu walikuwa vizuizini, kikosi kizima kilikuwa kimeangamizwa Clonmult mwezi Februari kwa vifo 12, na uvamizi wa jengo la forodha la Dublin tarehe 25 Mei uliwagharimu wapiganaji zaidi ya 80 waliotekwa. Hawakulishinda jeshi la Uingereza, wala hawakuweza. Walichofanya ni kuifanya nchi isitawalike kwa gharama ambayo wapiga kura wa Uingereza wangeikubali, na jambo hilo halikuhitaji ushindi, lilihitaji kutokwisha. Mapigano yalisimamishwa saa sita mchana tarehe 11 Julai 1921. Ghafla kombania zikajaa tena, vijana wakitembea na mikanda ya risasi mbele ya wasichana, na wakongwe wakawabandika jina la kejeli la watu wa kusitisha vita.

Mkataba na Uingereza wa tarehe 6 Desemba 1921 uliwagawa vibaya kuliko mwaka 1914, na hata katika hilo parokia zilifanya kama zilivyozoea: kombania nyingi zilikwenda upande aliokwenda kapteni wao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata ni swali la siku nyingine.

Kuhusu mshahara, ulikuja baadaye na kwa fomu. Sheria ya pensheni ya mwaka 1924 iliwahusu waliokuwa upande wa serikali mpya, ile ya 1934 ikapanuliwa kwa waliokuwa wakiipinga na kwa wanawake wa Cumann na mBan. Waombaji walizidi 80,000, na wengi walikataliwa, kwa kuwa sheria ilitaka uthibitisho wa utumishi wa vitendo, uliotiwa saini na maofisa wa zamani, shambulizi kwa shambulizi. Aliyelala Kilmichael na bunduki alikuwa na la kuandika. Aliyesimama njia panda miezi kumi na minane bila silaha, au aliyeoka mkate wa watu kumi na watano saa nane za usiku, aliandika ukurasa mmoja, na mara nyingi barua ya majibu ilisema haitoshi.